Mapumziko ya mchana kazini: yanayosemwa Mtwara na Lindi, na ukweli wake

Dhana iliyozoeleka kuliko zote ni kwamba mfanyakazi anayekula mezani pake huku akiendelea na kazi huzalisha zaidi kuliko mwenzake anayetoka kwenda kwa mama lishe. Dhana hii hupata nguvu hasa kuanzia Oktoba, msimu wa korosho unapofunguka, ambapo karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima hubaki ghalani na sahani ya ugali wa muhogo na samaki kando ya daftari la mizani. Kwa kuwa mkono wa kula ndio huo huo wa kuandika, kila baada ya matonge mawili hunawa, hushika kalamu, huandika kilo za gunia, humjibu mkulima anayeulizia malipo yake, kisha hurudi kwenye sahani iliyokwisha kupoa. Ukweli ni kwamba akili haifanyi kazi mbili za kufikiri kwa pamoja, bali huhama kutoka moja kwenda nyingine, na kila inapohama huacha sehemu ya umakini kule ilikotoka, jambo ambalo mtafiti Sophie Leroy alilieleza mwaka 2009. Ndipo kilo 68 zinapoandikwa 86, na kuutafuta mkanganyiko huo jioni, wakulima wakiwa wamesimama mlangoni, kunakula muda mrefu kuliko ule uliodhaniwa kuokolewa.

Wapo pia wanaoamini kwamba mapumziko ni hisani ya mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 23, inampa mwajiriwa anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano mapumziko ya angalau dakika 60, na mwajiri anaweza kumtaka afanye kazi katika muda huo pale tu ambapo kazi yenyewe haiwezi kuachwa bila mwangalizi au haiwezi kufanywa na mwingine. Akimtaka afanye kazi au awe tayari kuitwa, muda huo unalipwa. Kwa maoni yangu, hata hivyo, wengi hawanyimwi mapumziko bali wanajinyima, kwa sababu mkuu wao hainuki kitini na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuinuka.

Dhana nyingine inasema usingizi wa saa nane mchana huletwa na chakula, kwa madai kwamba damu yote hukimbilia tumboni, na kwa hiyo dawa yake ni kutokula. Ubongo hulinda kiwango chake cha damu hata mtu akiwa ameshiba, na uchovu wa alasiri hutokana kwa sehemu kubwa na saa ya mwili, ndiyo maana humfika hata aliyeshinda njaa. Sahani kubwa ya wali wa nazi huuzidisha tu, kwa hiyo kinachofaa ni kupunguza kiasi. Anayeweza kujilaza dakika 10 hadi 20 huamka na wepesi, ilhali anayepitiliza nusu saa huenda akaamka mzito kuliko alivyolala, kwa kuwa ameingia katika usingizi mzito.

Ushauri wa kutembea kwa kasi mchana, unaotolewa sana na waandishi wa nchi za baridi, ningeupokea kwa tahadhari huku kwetu. Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na jua huwa la utosi kabisa mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena baada ya katikati ya Februari. Kukaa chini ya mwembe kunatosha, na anayekwenda msikitini kwa swala ya adhuhuri tayari amebadili mahali, mkao na fikra. Kuperuzi simu kwenye kiti kile kile si mapumziko ya namna hiyo.

Mwisho, wengi hudhani kahawa ya saa nane huisha nguvu baada ya muda mfupi. Kwa watu wazima wengi, takribani nusu ya kafeini yake bado imo mwilini saa moja jioni. Badala ya kikombe hicho, hesabu nzito zifanywe asubuhi, alasiri ibaki ya kupanga majalada, na kabla ya kutoka kwenda kula mtu aandike kwenye karatasi alipofikia na hatua inayofuata.