Mende Hufa, Mzio Hubaki

Mgonjwa wa pumu akiambiwa kwamba ana mzio wa mende, aghalabu hukimbilia dawa ya kupuliza, kisha hurudi kliniki akilalamika kwamba mende wamekwisha ilhali kifua bado kinambana. Kinachomsumbua hasa ni protini zilizomo katika mate ya mdudu huyo, kinyesi chake na magamba anayojivua, nazo hubaki katika vumbi la nyuma ya jiko kwa miezi kadhaa baada ya yeye kufa. Fungua kabati la jikoni uangalie karibu na bawaba: vile vitone vyeusi vinavyofanana na unga wa kahawa ndivyo ninavyovisema.

Chembe hizo ni nzito kiasi, kwa hiyo hutulia chini na kuruka pale tu zinapotibuliwa, jambo ambalo ufagio mkavu hulifanya vizuri mno. Ndiyo maana ninashauri kupiga deki kwa maji ya sabuni, kufuta ndani ya makabati, kuziba nyufa, kufunika taka, na kutumia chambo cha jeli badala ya dawa ya kupuliza, ambayo yenyewe inaweza kuamsha pumu.

Paka ni habari nyingine. Wengi hulaumu manyoya, kumbe protini iitwayo Fel d 1 hutoka katika mate na tezi za ngozi. Paka anapojilamba huipaka mwilini, ikakauka na kupukutika katika chembe ambazo baadhi hazifiki mikroni 5 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), zikaelea hewani kwa saa nyingi na kunasa katika nguo, hata zikafika madarasani ambako paka hajawahi kukanyaga. Ukimhamisha paka, kiwango cha protini hiyo nyumbani huchukua miezi 4 hadi 6 kushuka, na kumwogesha husaidia kwa siku chache tu (wala hatakushukuru). Kwa panya, tatizo kubwa ni mkojo, hasa wa madume.

Kabla ya kumgawa paka, omba kipimo cha ngozi: matone ya vichochezi mbalimbali vya mzio huwekwa mkononi, ngozi ikadungwa kidogo, na majibu husomwa baada ya dakika 15 hadi 20. Muulize daktari mapema ni lini uache vidonge vya aleji, kwa kuwa ukivimeza karibu na siku ya kipimo huficha majibu.