Kiuno cha kijana, eksirei na kisingizio cha ngiri

Kazi yangu ni kupiga picha za eksirei. Wanaokuja na kiuno wengi ni vijana: bodaboda, wabeba mizigo wa sokoni, mafundi ujenzi. Maswali yao ni yale yale, nami nayajibu hapa kama ninavyoyajibu mlangoni.

Kiuno kinaniuma. Si ni ngiri hii?

Hapana. Ngiri ni utumbo au mafuta ya tumbo kupenya sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo. Utaona uvimbe kinenani, unatokeza ukikohoa na kurudi ukilala. Haitii ganzi mguuni. Najua mtaani chochote kinachomuuma mwanamume kuanzia kitovuni kwenda chini kinaitwa ngiri, na dawa yake inauzwa stendi, chupa moja inatibu kiuno na kurudisha nguvu za kiume. Kiuno si ngiri.

Basi ni nini?

Mara nyingi ni misuli na kano zilizochoshwa tu. Kiuno kina pingili 5, na kati ya pingili na pingili kuna diski inayopokea mishtuko: nje ngumu, ndani ina ute mzito. Ukiinama na kunyanyua lumbesa kwa mgongo badala ya miguu, siku moja ukingo wa diski unachanika, ute unatokeza na kubana mzizi wa mshipa wa fahamu. Maumivu hapo hayabaki kiunoni. Yanateremka takoni, nyuma ya paja, hadi unyayoni, na ukikohoa yanapiga kama shoti ya umeme. Mara nyingi zinazochanika ni zile diski mbili za chini kabisa.

Nipige picha leo?

Kama maumivu yameanza juzi baada ya kubeba kitu, hujaanguka, huna homa, miguu ina nguvu na mkojo unatoka vizuri, hapana. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6. Lala siku moja au mbili ukizidiwa, kisha inuka utembee. Eksirei moja ya kiuno ina mionzi zaidi ya mara 10 ya eksirei ya kifua, kwa hiyo usiipige kwa kutaka kujiridhisha.

Eksirei imesomwa "kawaida". Niko mzima?

Inategemea, na hapa ndipo vijana wanapoumia. Eksirei inaonyesha mifupa. Diski haionekani, mshipa wa fahamu hauonekani. Alikuja kijana wa bodaboda na bahasha ya picha tatu kutoka vituo vitatu, zote kawaida, akitaka ya nne. Mlangoni kandambili ya mguu wa kushoto ilimvuka, akapiga hatua kadhaa bila kujua imebaki nyuma. Nikamuuliza alikojoa lini mara ya mwisho. Jana mchana. Kwenye mfuko alikuwa na chupa ya dawa ya ngiri, imebaki robo. Sikumpiga picha, nilimpeleka kwa daktari papo hapo, na jioni ile akapewa rufaa kwenda kwenye MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, na upasuaji. Sasa anatembea. Mkojo bado anautoa kwa mpira.

Kwa hiyo MRI ndiyo inayosema kweli?

Inaonyesha diski na mishipa ya fahamu vizuri, tena haina mionzi. Lakini inaonyesha hata yasiyokuuma. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba kati ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote, asilimia 37 diski zao zimeanza kuchakaa na asilimia 30 zimetuna. Usimkimbilie mpasuaji kwa sababu ripoti imeandika "diski imetuna". Daktari aisome ripoti hiyo pamoja na miguu yako.

Lini nisisubiri?

Ganzi sehemu unayokalia siti ya pikipiki, yaani msambani, sehemu za siri na ndani ya mapaja. Mkojo kugoma, au kutoka bila wewe kujua. Haja kubwa kukuponyoka. Mguu kuburuzika. Hata moja tu kati ya hizo, nenda leo. Si Jumatatu, si chupa ikiisha. Mshipa uliobanwa hivyo unahesabiwa kwa saa, na matokeo ni mazuri zaidi ukifunguliwa ndani ya saa 48.

Lakini nguvu za kiume nazo zimepungua ghafla. Si nimalize dozi kwanza?

Hapana! Nenda leo. Mishipa ya mkojo, haja kubwa na uume inatoka kwenye fungu moja pale chini ya mgongo. Nguvu za kiume zikipotea ghafla pamoja na ganzi, fungu hilo linabanwa, na hakuna mzizi wa kuchemsha utakaolifungua.

Na kukandwa, au kupandwa mgongoni?

Kuchuliwa taratibu sawa. Mtu mzima kusimama juu ya mgongo wenye diski iliyochanika, hapana, hata akiwa mjomba wako. Sindano ya diklofenaki kila wiki duka la dawa nayo iache. Inatoboa tumbo na kuchosha figo.

Homa za jioni, jasho usiku, na nimekonda?

Hiyo inaweza kuwa TB ya uti wa mgongo, na eksirei ya mwanzoni inaweza isionyeshe kitu. Kapime TB. Nchini Tanzania dawa zake ni bure. Ukichelewa, pingili zinaliwa na kibyongo kinaota.

Nikifika hospitali na zile dalili za kutosubiri, niseme nini?

Anza na mkojo. Ukisema "kiuno" utapewa namba na kukaa benchi na wenye viuno wenzako. Sema: "Sijakojoa tangu jana, na nina ganzi hapa." Useme hivyo hata kama aliyekaa mapokezi ni binti wa umri wa mdogo wako.