Baruti haiingii ndani ya risasi

Jumapili iliyopita mpwa wangu alikuja kwangu Umoja, Nairobi, na laputopu begani. Siku hizi anaandika Kiswahili chini ya video za watu wa nje, analipwa kwa dakika, na kazi ikimzidi humkumbuka mjomba. Safari hii alikuwa na video ya mzee mmoja wa Marekani anayeshindana kulenga shabaha kwa bunduki za mtindo wa karne ya 19, zile za baruti nyeusi zinazotoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Mzee anajitengenezea kila kitu mezani, kisha anakwenda uwanjani kukijaribu. Chini ya video kijana alikuwa ameandika: "Sasa anajaza baruti ndani ya risasi."

Nikamwambia asimamishe hapo hapo. Kosa hilo nimelisikia redioni, nimelisoma gazetini, nimelisikia kwenye matatu za Jogoo Road. Sasa limenifuata mpaka sebuleni.

Risasi ni kile kipande cha madini kinachotoka mtutuni kwenda kugonga. Basi. Baruti hukaa nyuma yake, ndani ya ganda la shaba, na kitakoni mwa ganda kuna fataki, kidude kinachogongwa na kuiwasha baruti. Ukifyatua, risasi inakwenda zake, baruti inageuka moshi na masizi, ganda linabaki na fataki yake iliyokufa. Ndiyo maana nikisoma kwamba polisi "waliokota risasi zilizotumika" kando ya barabara, najua mwandishi aliona maganda. Risasi zilizotumika huchimbuliwa ukutani, au daktari huzitoa mwilini mwa mtu. (Zipo risasi zenye shimo kitakoni, kama ile ya Mfaransa Minié ya miaka ya 1840, lakini shimo lile ni la kutanuliwa na mshindo ili risasi ibane mtutuni. Hakuna anayelitia baruti.)

Maana imekwisha. Kinachoniuma ni jina.

Risasi lilikuwa jina la madini kabla halijawa jina la kitu cha kuua. Limetoka kwenye Kiarabu, raṣāṣ, yale madini mazito, laini, ya kijivu, ambayo ukiyakwaruza kwa ukucha yanaacha alama. Warumi waliyaita plumbum, wakatengenezea mabomba ya maji, na ndiyo sababu fundi wako wa bomba pale mtaani anaitwa plamba hata kama kazi yake yote ni ya plastiki. Kwa kuwa watu waliyayeyusha madini haya na kuyamimina wapate vipande vya kupigia, kipande kikachukua jina la madini yake. Hakuna ajabu, chuma pia tunakiita chuma kikiwa kipande na kikiwa ghafi. Ajabu ni kwamba tumeisahau maana ya kwanza. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa walipodhuriwa na madini haya kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, jirani yangu alisikia habari ya "sumu ya risasi" akaniuliza polisi wamewafyatulia watu wangapi. Wengine wanaandika "ledi" ili kukwepa balaa. Siwalaumu, ila inaniuma neno letu likifukuzwa nyumbani kwake.

Na kalamu ya risasi je? Ile ya mtoto wa gredi ya kwanza? Ndani hamna risasi hata chembe, ni grafati na udongo. Hilo nalisamehe, kwa sababu watu wa zamani walidhani grafati ni aina ya risasi. Walikosea kwa kuangalia kitu chenyewe. Sisi tunakosea bila hata kuangalia.

Turudi kwa mzee, kwa maana yeye ndiye mwalimu mzuri kuliko mimi. Ana chungu cha chuma jikoni, risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 hivi, anaichanganya na bati kidogo, sehemu moja kwa ishirini, ili isiwe laini mno. Anachota kwa upawa, anamimina kwenye kalibu, kile chombo cha kuipa umbo, anagonga, kinadondoka kipande kinachong'aa kama jino jipya. Kazi hiyo ina kitenzi chake, kusubu, na nilifurahi kumkumbusha mpwa wangu kwamba kalibu ni la Kiarabu vilevile, na wanaofuatilia asili ya maneno wengi wanaona "kaliba" ya bunduki, yaani upana wa mtutu wake, ilizaliwa na neno hilohilo, likazunguka Ulaya, likaturudia limevaa suti. Kisha anapima kila risasi kwenye mizani ndogo. Iliyopungua uzito ina kiputo cha hewa tumboni, inarudi chunguni. Zinazobaki anazipaka nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, maana masizi ya baruti nyeusi yakikauka mtutuni yanakuwa kama ukoko wa sufuria.

Uwanjani anapiga tano kwenye karatasi, anapima mashimo yametawanyika kiasi gani, anaandika kwenye daftari. Halafu anabadilisha kitu kimoja tu. Baruti ileile kwa uzito uleule, ganda lilelile, risasi nyingine. Anapiga tano tena. Sasa niambie: kama ganda ni risasi, na baruti iko ndani ya risasi, na lote zima ni risasi, sentensi "amebadilisha risasi" inamwambia nini msomaji? Kazi yote ya mzee imekaa katika neno hilo moja, nasi tumeligeuza uji.

Hata majina ya zamani ya vitu hivi yalitenganisha. Jeshi la Marekani lilichukua mwaka 1873 lile zima, ganda na vilivyomo, lililoandikwa .45-70-405. Namba ya kwanza ni upana wa risasi, karibu sehemu 45 kwa 100 za inchi. Ya pili ni uzito wa baruti na ya tatu ni uzito wa risasi, zote kwa greni, kipimo ambacho 7,000 zake ndizo ratili moja. Baruti gramu nne na nusu, risasi gramu ishirini na sita. Hakuna aliyechanganya.

Na sisi tulikuwa na neno la lile zima, ganda na vilivyomo. Ni kiasi. Kamusi za zamani zinalo, kiasi cha bunduki, kwa sababu zamani mtu hakuwa na ganda la shaba. Alipima baruti, akaifunga katika karatasi pamoja na risasi, na kilichofungwa kilikuwa kiasi cha pigo moja. Siku ya kupiga alimimina mtutuni akashindilia kwa mdeki. Neno zuri, limelala.

Nilimsihi mpwa wangu aliamshe. "Mjomba," akasema, "nikiandika mzee anatengeneza viasi, watu watadhani ni fundi wa nguo."

Hapo hakukosea. Tukaelewana hivi: lile zima aliite risasi kama watu wote wanavyoliita, mradi tu kitu kisiwekwe ndani ya kingine kisikoingia. Akafuta, akaandika: "Sasa anatia baruti kwenye ganda, kisha anapachika risasi juu yake." Ni ndefu kuliko ya kwanza, na mzee akawa ameshamaliza kupachika kabla maandishi hayajaondoka kwenye kioo. Kijana akarudisha video nyuma sekunde mbili, akayapanga upya.