Je, wajua kwa nini Macintosh Portable, kompyuta ya zamani ya Apple, betri yake ikifa haiwaki hata ukiichomeka kwenye umeme?

Laptop ya leo betri ikifa, unachomeka chaja na kazi inaendelea. Ndiyo maana mtu akiitoa Macintosh Portable stoo, akaichomeka ukutani na kioo kikabaki kimya, husema moja kwa moja bodi, ule ubao wa saketi ulio ndani, imeungua. Asikimbilie huko, kwani huenda bodi ni nzima kabisa.

Apple waliitoa mashine hii Septemba 1989. Waliiita ya kubebeka, ingawa ina kilo 7 na ushei! Ndani yake kuna betri ya risasi na asidi, ndugu wa damu wa betri ya gari. Ya gari ina seli 6 na hutoa volti 12. Hii ina seli 3, kwa hiyo volti 6. Tofauti na laptop za sasa, hapa betri ni sehemu ya njia yenyewe ya umeme. Chaja ni dhaifu, na nguvu ya kuiamsha mashine inatarajiwa itoke kwenye betri. Betri ikifa, chaja inahangaika peke yake na mzigo usio wake.

Na kufa lazima ife. Betri ya risasi ikitumika, salfeti ya risasi hujipaka kwenye mabamba yake. Ukiichaji mapema, utando huo huondoka. Ukiiacha tupu kwa miezi, unaganda na haubanduki tena. Portable haina hata swichi ya kuzimia. Ukiizima inalala tu, huku ikinyonya umeme kidogo kidogo, hadi siku utakapobonyeza kitufe chochote cha kibodi iamke. Miaka thelathini ya kunyonywa hivyo, nani angebaki?

Anza na mita ya kupimia volti. Betri nzima iliyojaa husoma volti 6.3 au zaidi kidogo. Lakini usiiamini namba hiyo pekee: ifungie balbu ya volti 6 kwa dakika moja huku mita ikiwa palepale. Ikiporomoka mpaka 4, hiyo imekwisha. Mafundi wengi hupasua ganda lake la plastiki taratibu kwenye maungio, hutoa seli za zamani, na kupachika betri mpya ya volti 6 ya aina ya taa za dharura. Chanya na hasi zisibadilishane. Litiamu usijaribu, chaja hii haikutengenezwa kwa ajili yake. Angalia pia betri ndogo ya volti 9 iliyo jirani, ile inayotunza kumbukumbu wakati kubwa inapobadilishwa.

Bado kimya? Sasa ndiyo ufungue bodi. Tazama kapasita, vile vikopo vidogo vya bati: zikivuja, miguu yake hufifia na kuota ukungu wa kijani, na ukigusa lehemu kwa chuma cha moto unasikia harufu kama ya samaki. Zitoe zote, safisha kwa spiriti, weka mpya.

Seli kuukuu usizitupe jalalani wala kuziyeyusha uani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua risasi ya betri inavyoingia kwenye damu ya watoto: kiwanda cha kuyeyusha betri kilikuwa jirani yao. Zipeleke kwa wauza betri za magari wanaopokea za zamani.