"Finite" si "chache"

Miaka yangu ya mwanzo ya kutafsiri nilipewa somo la kompyuta lililoeleza kwamba algoridhimu, yaani mfuatano wa hatua za kutatua tatizo, lazima ifike mwisho baada ya hatua ambazo idadi yake ni "finite". Nikaandika "hatua chache". Sentensi ilisomeka vizuri, mhariri akaipitisha, na kosa likaenda kwa wanafunzi. Hatua zinaweza kuwa kumi au trilioni kumi, mradi tu ziishe. Bado linaniuma.

Neno hili halisemi lolote kuhusu udogo. Chukua karata 52 uzichanganye. Namna zinavyoweza kupangika ni nyingi kiasi kwamba idadi yake huandikwa kwa tarakimu 68. Hakuna binadamu atakayezihesabu moja moja akamaliza, lakini zidisha 52 kwa 51, kisha kwa 50, endelea hivyo hadi 1, na namba kamili inapatikana. Mpangilio wa mwisho upo. Kwa hiyo siku hizi naandika "-enye ukomo", na "infinite" naipa "-sio na ukomo". (Kwa wanaosoma kwa sauti: la kwanza hutamkwa karibu na "fainait", la pili karibu na "infinit". Kiambishi kimehamisha mkazo, na irabu zikabadilika.)

Asili yake ni Kilatini. "Finis" ilikuwa mwisho, na ilikuwa pia mpaka wa ardhi. Ikiwekwa katika wingi, "fines", ilimaanisha mipaka na hata nchi iliyomo ndani yake. Kutoka hapo kikaja kitenzi "finire", kuwekea mpaka au kumaliza, na "finitus", kilichowekewa mpaka. Kiingereza kililichukua neno mwanzoni mwa karne ya 15. Kinyume chake, "infinite", kilikuwa kimeshaingia karne ya 14.

Msemaji wa Kiswahili hahitaji kushangaa mpaka kugeuka kuwa mwisho. Tunasema mpaka wa shamba, halafu tunasema ngoja mpaka kesho, na neno ni lile lile. "Hadi" nayo inatokana na "hadd" ya Kiarabu, ambayo ni ukingo au mpaka, na ambayo katika sheria ya Kiislamu ni adhabu iliyowekwa, na katika mantiki ni fasili ya kitu. Kilatini kilipita njia hiyo hiyo: kufasili, yaani "define", ni kulizungushia neno mpaka.

Na adhabu pia imo. "Faini" tuliyoipokea kutoka Kiingereza ni ya ukoo wa "finis": ilikuwa malipo ya kumaliza shauri. "Fainali" ni ndugu yake mwingine.

"Limited" ni jirani anayechanganywa nalo mara nyingi. Limetokana na "limes", njia iliyotenganisha mashamba, na kwa kawaida hudokeza kwamba kuna aliyeweka kizuizi. Kasi ya gari barabarani huwekewa kikomo na sheria. Idadi ya mipangilio ya karata haikuwekewa kizuizi na yeyote. Ina ukomo tu.

Ninapopenda zaidi neno hili ni katika sarufi, maana wanaisimu nao wana vitenzi "finite". Mwanafunzi akisoma tafsiri ya "vitenzi vichache" hapo, amepotea kabisa. Tazama "kusoma". Nani? Lini? Hakuna jibu, kitenzi kiko wazi pande zote. Sasa sema "walisoma". "Wa-" imefunga nafsi na idadi: ni wao, wala si mimi wala yeye. "-li-" imefunga wakati: jana au zamani, si kesho. Silabi mbili mbele ya mzizi, na kitenzi kimeshazungushiwa mpaka.