Nani anamkuza nani katika Victoria Concordia Crescit

Jumamosi iliyopita kwenye kibanda umiza nilikaa nyuma ya kijana mmoja aliyevaa jezi kuukuu ya Arsenal, ile yenye JVC kifuani. Kwenye nembo, chini ya mzinga, kulikuwa na maneno matatu: Victoria Concordia Crescit. Mwenzake akamuuliza yana maana gani. "Ushindi huleta umoja," akajibu bila kusita. Wa pembeni akadakia kwamba siyo hivyo, Victoria ni yule malkia wa Waingereza, mwenye ziwa lake huku kwetu. Majibu haya mawili nimeshayasikia mara nyingi mno, na siku hiyo nilinyamaza kwa sababu tu penalti ilikuwa inapigwa.

Maana yenyewe ni fupi. Ni Kilatini, na kinasema: ushindi hukua kwa mapatano.

Malkia tummalize haraka. Neno victoria ni nomino ya kawaida kabisa, "ushindi", kutokana na kitenzi vincere, kushinda. Malkia ndiye aliyepewa jina linalotokana na neno hilo, kisha mwaka 1858 Mwingereza Speke akalibandika jina la malkia juu ya ziwa ambalo tayari lilikuwa na majina yake. Ukifuata mnyororo wote utaona kwamba watu wa Mwanza wanaishi kando ya Ziwa Ushindi, lakini jezi haimtaji mtu yeyote. Simlaumu sana anayechanganya. Klabu ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich mwaka 1886, malkia akiwa bado kitini, kwa hiyo hadithi inaonekana kukubali. Tatizo ni kwamba maneno hayo hayakuwepo siku hiyo, wala miaka sitini iliyofuata.

Yalikuja mwaka 1948. Msimu wa 1946/47 Arsenal ilimaliza ya 13. Tom Whittaker akachukua timu, Joe Mercer akawa nahodha, Ronnie Rooke akafunga mabao 33 ya ligi, na msimu uliofuata wakatwaa ubingwa kwa pointi 59, saba zaidi ya Manchester United. Katika kijarida cha mechi cha mwisho wa msimu, mhariri wake Harry Homer alitafuta maneno ya kuufungia mwaka mtamu kama ule, akasema safari hii tugeukie Kilatini. Akaandika yale maneno matatu, kisha akaweka tafsiri yake hapo hapo. Whittaker akayapenda, na nembo mpya ya mwaka 1949 ikayabeba. Yakakaa hadi 2002, klabu ilipobadilisha nembo na kuyaacha. Ndiyo maana jezi za ule msimu wa 2003/04, ambao Washika Bunduki hawakufungwa hata mechi moja ya ligi, hazina Kilatini, na anayetaka kuvaa maneno hayo leo huyatafuta kwenye mitumba.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi, yaani "ushindi huleta umoja". Kinaniudhi kwa sababu kimegeuza sentensi kichwa chini miguu juu, na pia kwa sababu, lazima nikiri, Kilatini chenyewe kimechangia kosa.

Kiswahili hutumia neno "kwa" kuonyesha kitu kinatendeka kwa njia gani. Kilatini hakina haja nalo hapa, kazi hiyo hufanywa na mwisho wa nomino. Concordia yenye a fupi mwishoni ni mtenda: mapatano yanafanya jambo. Concordia yenye a ndefu ni "kwa mapatano". Vivyo hivyo kwa victoria. Masikio ya Mrumi yalitofautisha hizo a bila shida, kama sisi tunavyotofautisha kufa na kufaa. Lakini katika maandishi ya kawaida Warumi hawakuonyesha urefu wa irabu. Hebu fikiria Kiswahili kingeandika kufa na kufaa kwa herufi zile zile, halafu mtu akushonee neno hilo kifuani!

Kwa hiyo nomino mbili zimesimama pale zikiwa na sura moja, na moja tu ndiyo inayokua. Ipi? Mpangilio wa maneno hausaidii sana, maana Kilatini huruhusu mtenda akae popote. Kwa sarufi tupu mtu anaweza kusoma "mapatano hukua kwa ushindi", na mwalimu asipate pa kumwekea alama ya kosa. Kijana wangu wa JVC angekuwa amesema hivyo ningemvumilia. Ila yeye alisema "huleta", na hapo hata sarufi inamkataa. Crescit hakileti kitu wala hakikuzi kitu. Ni kitenzi cha kukua chenyewe, kama mche au mtoto. Mwezi mchanga nao Warumi waliuita luna crescens, mwezi unaokua. Na kiko katika hali ambayo "hu-" yetu inaibeba vizuri: hukua, siku zote.

Kinachokata mzizi wa fitina ni mambo mawili. La kwanza ni Homer mwenyewe, ambaye hakumwachia msomaji abahatishe: tafsiri aliyoiweka inasema ushindi unachipuka katika mapatano. A ndefu ni ya concordia.

La pili ni la zamani zaidi, na linatokea Afrika. Concordia na crescere walikwisha kukutanishwa na mwanahistoria Mrumi Sallustius, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo la Africa Nova baada ya Caesar kulitwaa mwaka 46 KK. Katika kitabu chake cha vita vya Jugurtha anamweka mfalme Micipsa wa Numidia, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo iko Algeria, akiwa mzee na mgonjwa, akiwausia warithi wake watatu: wanawe Adherbal na Hiempsal, na Jugurtha, mtoto wa ndugu yake aliyemfanya mwana. Concordia parvae res crescunt, discordia maxumae dilabuntur. Kwa mapatano vitu vidogo hukua, kwa mfarakano hata vilivyo vikubwa kabisa huporomoka. Hapa hakuna utata, kwa kuwa kinachokua kipo katika wingi, na concordia haina budi kuwa ile ya "kwa". Waholanzi wa jamhuri yao ya zamani walichukua nusu ya kwanza wakaifanya kaulimbiu ya taifa, wakaichapa kwenye sarafu. Nusu ya pili ndiyo waliyoitekeleza warithi wa Micipsa. Mzee alifariki mwaka 118 KK. Hiempsal akauawa kwa amri ya Jugurtha muda si mrefu, na Adherbal akazingirwa mjini Cirta, ambao sasa ni Constantine, akauawa mwaka 112 KK.

Limebaki neno la katikati. Watu wengi hulitafsiri "umoja", na sigombani nao sana, kwa sababu masikio yetu yamezoea: Nguvu Moja ya Simba, Uhuru na Umoja kwenye nembo ya taifa. Lakini umoja kwa Kilatini ni unitas, kutokana na unus, moja. Concordia imetoka kwenye con, pamoja, na cor, moyo. Inahusu watu walio wengi na wanaobaki wengi, ila mioyo yao inasikilizana. Kipa si mshambuliaji na hatakiwi kuwa. Warumi waliiabudu Concordia kama mungu wa kike na kumjengea hekalu katikati ya jiji, na mara nyingi walimkumbuka pale walipokuwa wametoka kuchinjana. "Mapatano" au "masikilizano" yanafika karibu zaidi. Wahenga wetu waliosema umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu, walikuwa jirani sana na Micipsa, lakini neno lake lilikuwa na moyo ndani.

Filimbi ilipopulizwa nilimgusa kijana bega nikamweleza kwa kifupi, bila Numidia. Alinisikiliza kwa adabu, shikamoo na yote, kisha akasema amekwisha kulipia nusu ya tatuu ya maneno hayo hayo mkononi. Nikamshauri asibadilishe kitu, ila amwombe mchoraji aongeze kistari kimoja juu ya herufi ya mwisho ya neno la pili: concordiā.