Ngano iliyohaririwa vinasaba: yanayosemwa na ukweli wake

Mkulima wa zabibu wa Makutupora au Hombolo, hapa Dodoma, hahitaji kuelezwa ubwiri unga ni nini. Ni ule unga mweupe unaotanda kwenye majani na vichala, unaomfanya abebe bomba la salfa mgongoni. Ngano nayo ina ubwiri unga wake, unaoletwa na kuvu wa jamii nyingine, na ugonjwa huo unatusaidia kuondoa maneno mengi ya vijiweni kuhusu ngano iliyohaririwa vinasaba, yaani iliyobadilishwa jeni zake yenyewe maabara.

"Ni GMO ileile, wametia jeni ya kiumbe kingine."
Hapana. Mwaka 2014 watafiti wa China walizima jeni ambayo ngano ilizaliwa nayo, iitwayo MLO, ambayo huurahisishia ubwiri unga kuingia kwenye mmea. Ngano ya mkate ina seti tatu za vinasaba, kwa hiyo ilibidi nakala zote tatu za jeni hiyo zizimwe. Kwa uzalishaji wa mbegu wa kawaida hilo ni gumu mno. Kwa vimeng'enya vinavyokata DNA mahali palipochaguliwa, linawezekana. Ila tusemezane kweli: mara nyingi jeni ya kimeng'enya hicho huingizwa kwanza, kisha vizazi vinavyofuata huchujwa ibaki mimea isiyo nayo. Mnunuzi ana haki ya kuuliza kama uchujaji ulifanyika.

Mkanganyiko huu naamini una mizizi hapahapa Dodoma. Mahindi ya kustahimili ukame yaliyoanza kujaribiwa Makutupora mwaka 2016 yalikuwa GMO kweli, yenye jeni ya bakteria, na mwaka 2018 serikali iliamuru majaribio yasimamishwe. Tangu hapo kila mbegu ya maabara inatiwa kapu moja.

"Inaleta saratani."
Lengo linaweza kuwa kinyume chake: nchini Uingereza, ngano iliyopandwa shambani kwa majaribio mwaka 2021 ilihaririwa ili ipunguze asparajini, kiambato cha asili kilichomo kwenye punje. Hiyo ndiyo hugeuka akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani, unga unapookwa au kukaangwa kwa moto mkali.

"Sasa Dodoma tutalima ngano."
Hili linaniumiza zaidi, maana linampa mkulima tumaini hewa. Ustahimilivu wa ukame hauko kwenye jeni moja ya kuzimwa. Unatokana na jeni nyingi zikishirikiana. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na zikikatika Februari hakuna uhariri unaozirudisha. Ngano ina kwao: Hanang, Arusha, Mbeya, Njombe. Kwetu ni mtama na uwele.

"Mbegu yake haioti mara ya pili."
Ngano hujichavusha yenyewe, hivyo mbegu uliyoitunza huota na kufanana na mzazi wake, tofauti na mahindi chotara. Kinachoweza kukuzuia ni hataza (haki ya kisheria ya mgunduzi juu ya mbegu) au mkataba wa muuzaji, basi vyote visomwe kabla ya kununua.

Kwa mkulima wa Kongwa au Chamwino, utafiti wa kufuatiliwa ni wa mtama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Kenya, wanahariri jeni iitwayo LGS1 ili mizizi itoe kemikali isiyoamsha mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, zilizolala ardhini.